PhD ya mitishamba, kazi ya mahindi

Nilimaliza PhD mwaka 2016. Kazi yangu ya miaka minne ilikua ni kuchukua magome ya mti, kuyakausha kivulini, kuyasaga, kuyaloweka kwenye metanoli, alafu kupitisha ile rojo kwenye kolamu ya silika, yaani bomba la kioo lililojazwa unga wa silika, tone kwa tone mpaka upate kitu kimoja kisafi, na ukishakipata unakipeleka nje ya nchi kikapimwe kwa NMR, mashine inayoonyesha umbo la molekyuli, maana mashine hiyo kwetu unaitafuta kwa tochi, unasubiri miezi, majibu yanarudi unakuta ni kitu ambacho watu walishakiandika zamani hata hujazaliwa. Hiyo ndo kemia ya mitishamba. Niliipenda na bado naipenda. Ila kazi ninayofanya leo ni ya kupima mahindi, na hapa naandika kuhusu kuhama fani ukiwa na PhD tayari.

Wanafunzi wengi wa kemia Afrika Mashariki wanaingia huko na sababu zinaeleweka kabisa. Miti tunayo, waganga tunao, vifaa vya kuanzia sio vya gharama kubwa sana, na juu ya yote kuna ndoto ya artemisinini, dawa ya malaria ambayo Tu Youyou na wenzake waliitoa kwenye mmea kule Uchina mwaka 1972, akaja kupewa Nobel 2015. Kila mwenye kolamu ya silika anaijua hiyo stori na kila mmoja anahisi mti wake ndo unaofuata. Ila ile ndoto nyuma yake ina mnyororo mrefu, kuna majaribio ya wanyama, majaribio ya watu, viwanda, pesa ya miaka kumi na kuendelea, na sisi huku tumeshika pingili ya kwanza tu ya mnyororo. Kwa hiyo tunazalisha watu mafundi wa kutenganisha vitu, na ukiwauliza soko lao liko wapi jibu ni chuo kikuu, na baada ya hapo mtu ananyamaza.

Sasa 2016 ndo mwaka serikali ya Tanzania ilisimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Chuo cha umma hakiajiri bila kibali, kibali hakuna, kwa hiyo wale tuliokua tunahesabu kwamba fulani anastaafu mwezi wa sita na nafasi yake itatangazwa, hesabu ikaishia hapo. Nilirudi nyumbani na cheti na begi la vitabu. Watu wanakuita daktari mtaani alafu jioni unamuomba mdogo wako nauli, nimepitia hiyo na naandika hapa kwa ajili ya wanaopitia leo.

Mwaka huohuo, kuanzia katikati, ndugu zangu wa upande wa Kondoa wakaanza kupiga simu kwamba kuna ugonjwa haueleweki, watu macho yanakua ya njano, matumbo yanavimba, wanatapika, na wengine wanakufa wakiwa ni watoto kabisa. Redioni ukaitwa ugonjwa usiojulikana. Chemba, Kondoa, na upande wa Manyara kule Kiteto. Mama akanipigia, akaniambia hivi, "Mwanangu, wewe si umesomea dawa na sumu? Hebu waambie hawa watu wanakula nini." Nikamjibu, mama hiyo sio fani yangu.

Jibu hilo limenikaa kichwani mpaka leo, ndo maana naandika. Ilikuja kujulikana ni sumukuvu, aflatoksini, ilikua kwenye mahindi ya majumbani, na kufikia mwisho wa mlipuko watu wapatao 20 walikua wamefariki. Na sumukuvu ni molekyuli ya asili, inatengenezwa na kuvu, inatoka kwenye unga kwa metanoli na maji, inapita kwenye kromatografia, yaani ile mbinu ya kutenganisha vitu kama kwenye kolamu, na ukiiweka kwenye bamba la TLC, kromatografia ya bamba jembamba, ukazima taa ukawasha ile taa ya UV ya nanomita 365 inang'aa bluu. Hata jina lake limetoka hapo, aflatoksini B ni ya ile inayong'aa bluu na G ni ya ile inayong'aa kijani, kwa herufi za Kiingereza. Yaani kila hatua ya kuikamata sumu ile mikono yangu ilikua inaijua. Nilikua nimekaa chumbani kwa mama mdogo Dodoma, sina kazi, nimebeba ujuzi wote ambao mlipuko ule ulikua unauhitaji, na nikasema sio fani yangu.

Ukienda nyuma kidogo kwenye historia utaona ilivyo. Mwaka 1960 Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya laki moja, hawajui kwanini, wakaja kugundua walilishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili, na waliotoa jibu la mwisho ni watu walioikamua ile karanga, wakaitenganisha kwenye kromatografia, wakaangalia kinachong'aa. Ni kazi yetu ileile ya magome. Tofauti ni kwamba wao walianzia kwenye kifo wakarudi kwenye molekyuli, sisi tunaanzia kwenye mti tunaenda kwenye jarida.

Ninachotaka kusema ni kwamba PhD ina vitu vitatu ndani yake na tunafundishwa kuvihesabu kama kimoja. Kuna swali, lile ulilolikalia miaka minne. Kuna mikono, yaani vyombo na mbinu unazoweza kutumia hata usiku umeme ukikatika. Alafu kuna watu, wale wanaokujua kwa jina, wanaokuandikia barua, wanaosoma maandiko yako bila kuuliza huyu ni nani. Mtu akisema "nimebobea" anamaanisha swali. Soko linapokua gumu linachokataa ni swali pia, halijakataa mikono. Ila wakati wa kuhama fani kinachouma kupita vyote ni kuwapoteza wale watu, na hilo hakuna anayekuambia mapema.

Angalia Venki Ramakrishnan. Kazaliwa India 1952, kasoma fizikia Baroda, kaenda Marekani, PhD ya fizikia chuo kikuu cha Ohio mwaka 1976 akiwa na miaka 24. Wakati ule fizikia Marekani ilikua imebanwa vibaya sana, maana baada ya Warusi kurusha Sputnik 1957 serikali ilimwaga pesa, vyuo vikazalisha wanafizikia kama njugu, mwanzoni mwa miaka ya 1970 pesa ikapungua na watu wakabaki na digrii mkononi. Yeye lakini hakukimbia kwa sababu ya ajira, alikua amechoshwa na swali lake lenyewe, akaona biolojia ndo kuna mambo yanatokea. Akafanya kitu ambacho kwetu mtu angeitiwa kikao cha ukoo, akaenda San Diego akajiandikisha upya kama mwanafunzi wa biolojia, ana PhD tayari, na familia anayo. Miaka miwili hivyo. Alafu akaenda Yale kwa Peter Moore kusoma umbo la ribosomu, kile kiwanda cha protini ndani ya seli, kwa kutumia nyutroni, na nyutroni ni chombo cha wanafizikia. Kwa hiyo swali jipya, chombo cha kwao.

Ila ukafika wakati wa kutafuta kazi ya kudumu. Alituma maombi vyuo kama 50. Hakuna kilichompa nafasi. Watu wa biolojia hawamjui, wa fizikia ameshawaacha. Aliajiriwa wapi? Oak Ridge, alafu Brookhaven, maabara za taifa zenye vinu vya nyutroni. Hapo ndo kuna somo kubwa na sijaona watu wakilisema. Alipata kazi pale chombo chake kilipokua kinaishi, wakati vyuo vilivyokua vinafundisha swali lake vyote vilimpita. Akakaa Brookhaven miaka 12. Na alipoona nyutroni haitomfikisha kwenye jibu akaomba likizo ya masomo, 1991, ana miaka 39, akaenda Cambridge kujifunza kuchora molekyuli kwa fuwele na miale ya eksirei, akaanza tena kama mgeni. Mwaka 2000 umbo la sehemu ndogo ya ribosomu likatoka, 2009 Nobel ya kemia. Mwanafizikia, kazi ya biolojia, tuzo ya kemia.

Naileta stori yake kwa sababu ya ile miaka ya katikati, kuanzia 1976 mpaka 1995 hivi, karibu miaka 20 mtu yuko pembeni, na alibaki na kazi ya mikono muda wote. Nobel ni bahati na akili yake, sitaki mtu asome hapa akadhani ukihama unapata Nobel.

Nirudi kwangu. Nilianza kwenye maabara binafsi inayopima vyakula, nimeajiriwa kwa cheo cha fundi, bosi wangu ana masta na ni mdogo kwangu kwa miaka sita. Nilidhani nitafundisha watu HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima vitu kwa kolamu yenye presha. Wiki ya kwanza nilijikuta mwanafunzi, na jambo lililonishinda halikua mashine. Kwenye mitishamba swali letu siku zote ni "hiki ni nini?" Ukishajua ni nini umemaliza, unachora umbo lake, unaandika. Kwenye chakula kila mtu anajua ni nini, swali ni "kipo kiasi gani, na una uhakika kiasi gani?" Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na kwa B1 peke yake 5. Piga hesabu, kwenye gunia la kilo 100 ni miligramu moja. Miligramu moja ndani ya gunia zima ndo inaamua lori linavuka mpaka ama linarudi.

Alafu hiyo miligramu haijasambaa sawasawa. Punje moja inaweza kua imeoza na sumu ya kutosha kuharibu maelfu ya punje zilizo salama pembeni yake, kwa hiyo ukichota bakuli moja juu ya gunia unaweza kukuta sifuri na mwenzako akachota chini akakuta mikrogramu 80 kwa kilo, na wote mmepima vizuri. Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye kuchota sampuli kabla hata hujawasha mashine. Mimi miaka minne ya PhD nilikua na mti mmoja, nimekata magome, basi, sikuwahi kufikiria kwamba kuchota ni sayansi. Nikalazimika kujifunza takwimu, bambo linaingia gunia wapi na mara ngapi, vikolumu vya kingamwili vinavyoshika aflatoksini peke yake ambavyo bei yake inauma na vyote vinaagizwa, ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, ambayo kila kitu kinaandikwa mpaka joto la friji. Miezi minane nilikua naenda kazini nikiwa na hofu. Watu wanasema kuhama fani ni kutumia ujuzi wako sehemu mpya, na ni kweli, ila hawakuambii kwamba ujuzi wako unakudanganya pia, unakuambia unajua wakati hujui.

Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ndani ya siku chache zuio likalegezwa kwa masharti, kila mzigo uje na cheti cha kiwango. Mnakumbuka malori yalivyojaa Namanga. Kenya wana sababu zao za kuogopa, mwaka 2004 watu 125 walikufa kule Makueni, Kitui na maeneo ya jirani kati ya wagonjwa 317, ni moja ya milipuko mibaya kabisa ya aflatoksini kuwahi kuandikwa duniani. Siku zile simu ya maabara haikupumzika. Wafanyabiashara wanataka vipimo leo, wapimaji wako wangapi, na kwenye vyuo vyetu nchi nzima kuna watu wamekaa na PhD zao za mitishamba wanasubiri kibali. Niliwapigia wenzangu wawili niliosoma nao. Mmoja akaniambia kabisa, kaka hiyo sio fani yangu. Maneno yaleyale niliyomjibu mama.

Sio kosa lao na hapa ndo napotaka kukaa, kwa sababu watu wanaongelea kuhama fani kama jambo la roho ya mtu, ujasiri, kujiamini. Mimi naona ni jambo la kanuni kwanza. Chukua tangazo la kawaida la nafasi ya mhadhiri chuo cha umma Tanzania. PhD ya fani husika, masta ya fani husika yenye GPA isiyopungua 4.0, digrii ya kwanza ya fani husika yenye GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Hiyo digrii ya kwanza ulisoma ukiwa na miaka 21, unaumwa malaria, mkopo haujatoka, unalala watu wanne chumba kimoja, na miaka 15 baadae una machapisho na una maabara uliyoisimamisha mwenyewe, bado kanuni inakuuliza ulipata ngapi kwenye kalkulasi. Hilo watu wameshalalamikia sana. Ninaloongeza ni yale maneno mawili, "fani husika", yakirudiwa mara tatu kwenye tangazo moja. Maana yake ni kwamba ngazi zote tatu lazima ziwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Aliyepinda popote ametoka.

Kwa tangazo hilo Ramakrishnan haitwi hata kwenye usaili. Digrii ya kwanza fizikia, PhD fizikia, anaomba idara ya biokemia. Karani wa kuchambua maombi anamtoa asubuhi kabla ya chai.

Kenya nao wana mambo kama hayo, mwongozo wa mwaka 2014 wa tume yao ya vyuo vikuu ulisema mhadhiri awe na PhD ya fani husika, na ukasababisha mbio kubwa za watu kutafuta PhD haraka kwenye ile fani waliyoanza nayo, maana kubadilisha ni kujiharibia. Unazalisha watu wengi zaidi kwenye mistari ileile ya zamani, na soko linahama, wao wamefungwa.

Mimi yalinikuta. Baada ya miaka mitano kwenye sumukuvu niliomba nafasi kwenye chuo kimoja, idara ya sayansi ya chakula. Nikaitwa, nikafurahi, nikanunua shati. Kwenye meza walikua watano. Mzee mmoja akafungua cheti changu, akakiangalia muda mrefu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana wangu, wewe ni mtu wa kemia, umesomea mitishamba, na machapisho yako ya karibuni ni ya mahindi. Sasa tukupeleke wapi?" Nikamjibu mzee wangu, nipeleke kwenye mahindi. Wakacheka kidogo, sio kwa ubaya. Barua ilikuja kwamba sijakidhi vigezo vya fani. Mwezi mmoja baadae nikaomba idara ya kemia chuo kingine, wao wakasema machapisho yangu ya karibuni sio ya kemia. Nilikaa kwenye gari la abiria kurudi nyumbani nikiwaza kwamba kama ningekaa bure miaka mitano nikisubiri, bila kugusa hindi hata moja, mstari wangu ungekua umenyooka na ningekua na nafasi nzuri zaidi. Kanuni inampa zawadi aliyekaa bure. Hilo liliniumiza na linaniumiza mpaka sasa.

Najua kwanini kanuni ipo. Vyuo viliongezeka haraka sana, Chuo Kikuu cha Dodoma, Udom, peke yake kilianza 2007 na kikahitaji walimu kwa mamia, na bila namba ya kushika mtu angeweza kuingiza shemeji yake. GPA haina shemeji. Mstari ulionyooka ni rahisi kukagua na mkaguzi akija unamuonyesha makaratasi. Siombi watoe kila kitu. Naomba "fani husika" isomwe kwenye kazi ya miaka mitano ya mwisho badala ya cheti cha miaka 20 iliyopita, alafu paneli iwe na mtu mmoja kutoka nje ya idara anayeijua ile fani ya pili, maana waliokaa kwenye ile meza siku yangu wote walikua wema na hakuna aliyeweza kupima kazi yangu ya mahindi ni nzuri ama mbaya. Na kuwe na nafasi za mwaka mmoja miwili za kujifunza upya, zenye mshahara, kwa mtu mwenye PhD tayari. Kusomesha mwenye PhD mbinu mpya kwa mwaka mmoja ni bei ndogo sana ukilinganisha na kuzalisha PhD mpya kwa miaka minne.

Wangari Maathai watu tunamjua kwa miti na kwa Nobel ya amani ya 2004, tunasahau alikua mwanasayansi wa anatomia ya mifugo, PhD yake Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata PhD. Na hata hiyo anatomia haikua alipoanzia. Alirudi kutoka Marekani 1966 na ahadi ya kazi kwenye zuolojia, akafika akakuta nafasi kapewa mtu mwingine, ndo akapokelewa na Reinhold Hofmann kwenye mifugo. Baadae akiwa anatafiti kupe wanaoleta ndigana kali, kule vijijini kukusanya kupe, akaona ng'ombe wamekonda, mito imebeba udongo mwekundu, akaanza kujiuliza kama tatizo la hawa ng'ombe ni kupe kweli. Angalia hapo, hakukimbia swali lake, alilifuata mpaka likamtoa nje ya idara. 1977 ikaanza Green Belt, harakati yake ya kupanda miti. Ila na yeye alilipa. 1982 aliacha kazi chuoni agombee ubunge, akawekewa pingamizi, na chuo hakikumrudisha tena. Mlango ulifungwa moja kwa moja. Kwa wanawake bei hii huwa kubwa zaidi kwa sababu ile miaka ya kuanza upya inaangukia kwenye miaka ya watoto wadogo, na "amekaa nje muda mrefu" inaandikwa kwenye faili bila kuuliza alikua anafanya nini.

Haya mambo leo sio ya watu wa mitishamba tu. Januari 2025 Marekani ilipotoa amri ya kusimamisha miradi ya misaada, wiki ileile kuna watu walifunga kompyuta na kurudi nyumbani, watu wa takwimu za VVU, wa maabara za kifua kikuu, wa malaria. Julai mosi USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa rasmi. Mei mwaka huo NIH, taasisi yao inayotoa ruzuku za utafiti wa afya, nayo ikabadilisha utaratibu, vyuo vya Marekani havikuruhusiwa tena kugawa sehemu ya ruzuku mpya kwa washirika wa nje kwa njia ya zamani, na maabara nyingi za Afrika Mashariki zilikua zinaishi hapohapo. Hawa ni watu waliobobea kweli. Wanaandika kuniuliza nilihamaje, na wengi swali lao la pili ni kama wajifunze sayansi ya data.

Huwa nawaambia ukweli ninaouona. Kozi ya miezi mitatu ya Python peke yake haikuhamishi popote, inakuweka kwenye foleni ya vijana wa miaka 23 ambao wanaandika programu kuliko wewe na wanakubali nusu ya mshahara. Python juu ya miaka minane ya kujua jinsi data ya kliniki inavyodanganya, hiyo ni nyingine. Masta ya pili simshauri mtu, PhD ya pili kabisa usiguse, unaongeza swali jingine wakati unachohitaji ni watu wapya wanaokujua. Na kabla ya kuangalia matangazo, andika kwenye karatasi ni mashine gani unazozijua kwa mikono alafu tafuta ziko wapi nchini. Mashine ya PCR, ile inayosoma vinasaba, iliyopima VVU ndo hiyohiyo inapima homa ya nguruwe, ndo inapima samaki kwenye makopo kama ni samaki aliyeandikwa. Kuna mtu namjua alikua anapima dawa za ARV kwenye damu, sasa anapima mabaki ya viuatilifu kwenye nyanya na maharage machanga ya kupeleka Ulaya. Alinipigia akiwa analia mwezi wa pili, mwezi wa tisa alinipigia kuniuliza kuhusu kolamu.

Na sio kila mtu ahame. Kama kuna mtu kwenye mitishamba ana uwezo wa kukaa, akae, nchi inahitaji wachache wanaojua miti yetu kwa undani kabla haijakatwa yote kwa mkaa. Kuna siku ninapita karibu na ule mti wangu, upo njia ya kwenda Kondoa, nasimama. Nina chupa tatu za vitu nilivyovitenganisha bado ziko kwenye friji ya watu, sijawahi kuvimaliza.

Mwezi uliopita tulipokea kijana, PhD yake ya mwarobaini, amekaa mtaani miaka miwili na nusu. Kabla hajasaini nilimkalisha nikamwambia mshahara ni huu, utakua chini ya dada mwenye digrii moja kwa mwaka mzima na ni mkali kwenye kuchota sampuli, na ukikaa hapa miaka mitano kuna chuo kitakuambia sio mtu wao. Akasema sawa kaka, nimeelewa. Tukaenda chumba cha giza, nilikua na bamba la unga wa dona ulioletwa na shule moja ya bweni, nikazima taa nikawasha ile ya 365. Akainama. Doa la bluu lilikua kali kuliko la sampuli ya kulinganishia tuliyoweka pembeni, ile yenye kiasi kinachojulikana, hata bila HPLC unaona. Hakuuliza ni nini. Aliuliza, "Hawa watoto wanakula unga huu tangu lini?" Nikatoka nje kupiga simu shuleni.